Vita vya Jumamosi na Mkataba wa Sanduku la Thelathini na Nane

Sogeeni karibu, enyi wenye masikio mazima na enyi wenye moja linalosikia kwa kubembelezwa. Acheni sufuria zichemke zenyewe kidogo, wekeni simu kifudifudi, kwa maana ninataka kuwasimulia habari kuu: habari ya mwanamke wa miaka sabini na mitatu, mwenye goti moja zima na jingine la kuombwa, aliyetoka nyumbani kwake peke yake Alhamisi moja asubuhi, akaingia katika ngome ya makaratasi ambamo wasomi huingia vijana na kutoka na mvi, naye akarudi kabla ya saa kumi akiwa ameteka kile alichokiendea. Mmesikia habari za waliovuka majangwa na milima ya barafu. Hao hawakuambiwa waache mwavuli mlangoni.

Shujaa wetu ni Mama Profesa, Mwenye Miwani Iliyofungwa kwa Uzi, mjane wa yule mwalimu mkuu wa sheria za mataifa aliyeishi nyumba ya mashariki. Nami ninayesimulia, msije mkadhani ni mpambe wake. Mimi ndiye niliyekuwa adui. Naam, mimi, Mama Mapacha wa nyumba ya magharibi. Kuficha kungekuwa kazi bure, maana kidole changu kimo katika ushahidi, kama mtakavyosikia.

Chanzo cha vita ni waya. Kati ya nyumba zetu mbili umetandazwa waya wa kuanikia nguo, urefu wake mita kumi na moja, ncha moja kwenye ukuta wake na ncha nyingine kwenye ukuta wangu. Kwa miaka thelathini na moja waya huo ulibeba shuka zake na shuka zangu, sare za shule za watoto wake na za wangu, na joho jeusi la Profesa ambalo upepo ukilijaza liliwatisha kuku wote wa mtaa. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi zilikuwa siku zake. Jumanne, Alhamisi na Ijumaa zilikuwa zangu. Jumapili tuliuacha waya upumzike, nao ndege wakaukalia.

Halafu binti yangu akarudi nyumbani na mtoto wa miezi mitano. Enyi mliowahi kulea, nepi mnazijua. Na mtaani kwetu maji ya bomba hutoka kwa nguvu siku moja tu ya wiki, nayo ni Jumamosi. Basi Jumamosi moja, jua likiwa bado linajifuta macho, nikaanika nepi ishirini na mbili, nyeupe, zimejipanga kama jeshi lililokwisha kushinda.

Mama Profesa akatoka na beseni la shuka kiunoni. Akasimama. Akazihesabu kwa macho.

"Shoga, leo Jumamosi."

"Najua. Hata kalenda yangu inayo Jumamosi."

"Jumamosi ni yangu. Tuliandikiana."

"Tuliandikiana wapi?"

"Kwenye mkataba. Marehemu aliupiga kwa mashine, wewe na mimi tukatia sahihi pale pale kwenye ngazi za jikoni."

Nami, badala ya kunyamaza, nikafungua mdomo. Nikasema, "Mama Profesa, hapakuwa na mkataba wowote. Hayo ni mambo ya uzee. Umeota."

Lo! Kuna maneno yanayotoka mdomoni mepesi kama povu na kuangukia mtu kama tofali. Mlangoni nyuma yake alikuwa amesimama kifungua mimba wake, aliyekuja kumsalimia na mfuko wa machungwa mkononi. Kijana mwema yule, tena mpole, lakini mwenye hofu. Mwezi uliopita mama yake alisahau jiko linawaka, na mara mbili alimwita kwa jina la baba yake. Sasa alisikia kwa masikio yake kwamba hata jirani anasema mama ameanza kuota mchana.

"Mama," akasema taratibu, "mwisho wa mwezi njoo ukae kwetu. Chumba kipo. Hii nyumba tutaifunga tu."

"Nifungiwe nyumba kwa sababu ya nepi?"

"Si nepi, mama. Ni kwamba unakumbuka vitu ambavyo havikuwapo."

Mama Profesa akaweka beseni chini. Akanyoosha mgongo, na ingawa urefu wake haufiki begani kwa mwanawe, nawaambieni ule ua ulimtazama yeye. Akanena: "Sikia, mwanangu niliyekubeba miezi tisa na siku nne. Karatasi ipo. Nipe mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nikiileta, nakaa kwangu mpaka mwenyewe nitakapochoka, na hakuna atakayeniambia tena kwamba naota. Nikiikosa, njoo na masanduku, nitapanga nguo kwa mikono yangu."

Kisha akaanua nepi zangu, zikiwa bado mbichi. Lakini angalieni mtu alivyo: hata katika hasira ile alizikunja nne nne, akazipanga kwenye beseni safi, akaniwekea mlangoni na kulifunika kwa kitambaa vumbi lisiingie. Niliyaona hayo. Nilipaswa kumfuata nimwambie mwanawe kwamba mimi mwenyewe sina hakika, kwamba miaka thelathini na moja ni mingi. Sikumfuata. Kiburi kilinikalia kifuani kama paka, na siku ishirini zikapita hatusalimiani.

Sasa karatasi ile ilikuwa wapi? Hapo ndipo penye ugumu. Profesa, Msuluhishi wa Mipaka, aliyewahi kukaa katikati ya majenerali wawili wasiotazamana akawagawia mto kwa penseli, hakuwa mtu wa kutupa kitu. Risiti, bahasha, barua za mabalozi, maganda ya viberiti aliyoandikia hoja, vyote aliviweka. Alipofariki, chuo kikuu kilileta lori na kuchukua masanduku sitini na mawili, na mjane akatia sahihi kwamba ametoa vyote kwa moyo mweupe. Mkataba wa waya ulikwenda humo humo, umelala kati ya mataifa.

Yanayofuata alinisimulia mwenyewe, na zaidi ya mara moja, nami baadaye nilikwenda kumuuliza mlinzi wa huko nikakuta hajaongeza chumvi.

Alhamisi hiyo alifika mbele ya jengo la Hifadhi ya Nyaraka, lenye ngazi thelathini na tatu. Goti la kuombwa akaliomba. Juu alimkuta Mlinzi wa Lango, mtu mpana mwenye sauti ndogo.

"Shikamoo, mama. Mwavuli unabaki hapa. Mkoba pia. Kalamu ya wino pia. Una chakula?"

"Nina ndizi."

"Ndizi nayo inabaki."

"Mwanangu, mimi nimekuja kuchukua karatasi moja. Ukininyang'anya silaha zote nitapigana na nini?"

Mlinzi akafikiri, akatoa mfukoni penseli fupi iliyotafunwa nyuma. "Penseli inaruhusiwa. Chukua yangu. Na hiyo ndizi nitaitazama kama ya mama yangu mzazi." Akaitia kwenye droo yake, akafunga kwa ufunguo. Kwa penseli hiyo moja, urefu wa kidole, Mama Profesa akaingia vitani.

Ndani kulikuwa na ukumbi mrefu, meza nyingi, ukimya wa kusikia kope zikigongana. Mwishoni aliketi Mtunza Nyaraka, bwana mwembamba wa makamo aliyezoea kunong'ona hata akiwa sokoni. Akampa glavu nyeupe, zote mbili za mkono wa kushoto, kwa kuwa za kulia zilikwisha.

"Unatafuta nini, mama?"

"Karatasi ya waya wa nguo."

Akaandika kwenye kompyuta: waya. Hakuna. Akaandika: nguo. Hakuna. Kufulia. Hakuna. "Jaribu jirani," akasema shujaa. Mashine ikatafuna, ikatema karatasi mia moja na kumi na nne, zote za ujirani mwema wa mataifa, na moja kati yao ina kurasa mia tatu.

Watu wengine hapo wangerudi kufuata ndizi yao. Mama Profesa akafumba macho. Wamesema anasahau, basi akaenda mwenyewe huko nyuma, kwenye ngazi za jikoni, akatazama. Na taratibu, kama mtu anayepapasa sindano sakafuni, akaanza kunena.

"Alipiga kwa mashine, lakini utepe wa wino, ule wa rangi mbili, ulikuwa umekwama. Kwa hiyo kila herufi juu ni nyeusi na chini ni nyekundu. Karatasi mbili. Ya pili ina doa."

Mtunza Nyaraka akaacha kunong'ona. "Nyeusi juu, nyekundu chini?" akasema kwa sauti kamili, na vichwa vyote ukumbini vikainuka kwa mshangao. "Mama, hiyo ni Sanduku la Thelathini na Nane. Mikataba ya mipaka, pande mbili, nchi hazijatambulika. Imo mezani kwa Msomi."

Naye Msomi aliketi dirishani nyuma ya ukuta wa vitabu, msichana mwenye penseli tatu kichwani, anayeandika kitabu cha kupata shahada ya juu kabisa. Shujaa akamwendea, na Msomi alipoona anakuja akaweka mkono juu ya sanduku.

"Samahani, bibi. Hili nimelikalia miezi minane."

"Umekalia shuka zangu, mjukuu wangu."

"Hapana, bibi. Huu ni mkataba wa siri kati ya Dola ya Mashariki na Dola ya Magharibi. Hakuna anayejua ni nchi zipi. Nimeshaondoa nchi arobaini na moja." Macho yakamng'aa. "Zinagawana ukanda wa anga, kila dola na siku zake. Imeandikwa mita kumi na moja, lakini hilo ni kosa la mpiga chapa, nimelirekebisha. Ni kilomita."

"Ni mita. Nilishika mimi ncha ya kamba ya kupimia."

Msomi akafunua daftari lake. "Na bendera nyeupe? Kifungu cha tatu kinasema bendera nyeupe zitaning'inia bila kuguswa."

"Nepi."

"Na kifungu cha nne?" Akagonga daftari kwa penseli. "Kwamba ikitokea dharura kutoka juu, dola yoyote ina haki, tena ina wajibu, kuingia katika eneo la mwenzake bila ruhusa na kuokoa kilichopo? Nimeandika kurasa arobaini juu ya kifungu hicho, bibi. Nimekiita mwanzo wa fikra mpya."

Mama Profesa akamshika bega kwa glavu ya kushoto. "Mvua, mwanangu," akasema. "Ni mvua tu. Marehemu alipenda mzaha, na siku hiyo alikuwa ametoka kwenye mkutano wa wiki mbili ambapo hakuna aliyekubaliana na mwenzake hata juu ya saa ya chai. Akasema angalau leo nipate watu wawili watakaosaini."

Msomi akainamisha kichwa juu ya meza, mabega yakaanza kutikisika. Mama Profesa akadhani analia, akamvuta karibu. Kumbe ni kicheko, kicheko cha mtu aliyebeba mzigo miezi minane akagundua ni mto wa pamba. Msichana akafungua sanduku mwenyewe. Karatasi ikawekwa mezani, nyeusi juu, nyekundu chini. Ukurasa wa pili ulikuwa na sahihi ya Mama Profesa, na pembeni yake doa kubwa la buluu.

"Na huu muhuri wa taifa?" akauliza Msomi kwa unyonge.

"Hicho ni kidole gumba cha jirani yangu. Alikuwa anatia shuka buluu ya kung'arishia nguo, mikono imelowa, kalamu ikamteleza."

Ndiyo. Kilikuwa changu. Na mimi ndiye niliyesema mwenzangu ameota.

Sasa sikilizeni, maana mtihani wa kweli ulikuwa bado. Shujaa alisoma mkataba mzima, kwa kioo cha kukuzia alicholetewa na Mtunza Nyaraka bila kuomba, mpaka akafika ukurasa wa pili, kifungu cha tano. Hapo akasogeza kioo karibu. Kisha akasoma tena. Kifungu kilisema hivi: *Siku ya Jumamosi, kwa kuwa ndiyo siku ya maji mengi, itakuwa ya dola ile ambayo kwa wakati husika ina raia asiyetimiza miaka miwili.*

Mnaelewa? Mkataba ulipoandikwa, kitindamimba wake ndiye aliyekuwa kwenye nepi, kwa hiyo Jumamosi ikawa yake, na mazoea yakaibakiza kwake miaka yote. Lakini sasa raia mchanga alikuwa upande wangu. Silaha aliyopanda ngazi thelathini na tatu kuifuata ilikuwa imeelekezwa kwake mwenyewe.

Mtunza Nyaraka alisoma kutoka begani, naye ni mtu mwenye huruma. Akarudi kwenye kunong'ona. "Mama, ukitaka naweza kukutolea nakala ya ukurasa wa kwanza tu. Wa kwanza unatosha kuonyesha kwamba mkataba upo."

Mama Profesa akavua miwani, akakaza ule uzi, akaivaa tena. "Mwanangu," akasema, "nimekaa na mwanasheria miaka arobaini na sita. Mkataba husomwa wote."

"Basi jaza fomu."

Fomu ilisema nakala haitolewi bila idhini ya maandishi ya aliyezitoa nyaraka, ambaye ni mjane wa marehemu, na kwamba mjane ataandikiwa barua na kupewa siku kumi na nne za kujibu.

"Mjane ni mimi."

"Najua, mama. Lakini barua lazima imfikie."

Zilibaki siku mbili kabla ya Jumamosi. Shujaa hakupiga kelele. Akakunja mikono yake miwili ya kushoto akamtazama tu, kama anavyomtazama mtoto aliyekaribia kukumbuka jibu. Mtunza Nyaraka akatazama fomu, akatazama saa. Akaketi, akapiga barua rasmi: *Kwa Mjane wa Marehemu Profesa.* Akaigonga muhuri, akaitia kwenye bahasha, akaifunga. Akainuka, akazunguka meza yote kwa mwendo wa tarishi, akabisha hodi kwenye mbao ya meza.

"Hodi. Barua yako, mama."

"Karibu, baba. Imetoka mbali?"

Akaifungua, akaisoma yote, akajibu kwa ile penseli iliyotafunwa kwamba anakubali, na kwamba anamshukuru mwandishi kwa lugha yake ya adabu. Tarishi akairudisha upande wa pili, akaipokea kama mkuu wa idara, akaigonga *Imepokewa*. Siku kumi na nne zilitimia katika dakika sita. Sijui kama kitabu cha taratibu kinaruhusu hivyo. Najua kwamba bwana yule alikuwa na kazi nyingine, na aliiacha ili bibi mmoja asirudi mikono mitupu.

Mlangoni alirudishiwa mwavuli, mkoba na ndizi. Ndizi akaimega, nusu akampa mlinzi.

Jumamosi ikafika. Kifungua mimba alikuja na masanduku mawili matupu, akayashusha uani uso umemwanguka, kwa maana hakuifurahia kazi ile. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu na beseni la nepi, sijui nianike au nisianike. Mama Profesa akatoka kashika bahasha. Akapanda ngazi ya jikoni, ile ile, akajitia sauti ya marehemu, akasoma.

Alisoma kifungu cha kwanza, mwanawe akainua kichwa. Alisoma cha pili, cha tatu, cha nne. Kabla ya cha tano alinitazama, nami nikadhani sasa ananimaliza. Akakisoma bila kupunguza neno, taratibu, akalivuta lile "raia asiyetimiza miaka miwili" mpaka mjukuu wangu mgongoni kwa mama yake akacheka.

Kisha akamwonyesha mwanawe doa la buluu. "Muulize mwenyewe ni la nani."

Sikungoja kuulizwa. "La kwangu," nikasema. "Mama yako hakuota, mwanangu. Aliyesahau ni mimi. Nilisahau, halafu nikamsingizia yeye."

Kifungua mimba akaishika nakala, akaisoma yote na yeye, na alipofika kwenye herufi zile za rangi mbili akasema kwa sauti ya chini, "Utepe ule. Mimi ndiye niliyeukwamisha. Nilikuwa nachezea mashine yake." Akamgeukia mama yake. "Hata hilo ulikumbuka?"

"Hilo nililijua siku ile ile. Baba yako alisema tusikuambie, ungelia."

Masanduku yakarudi kwenye gari kama yalivyokuja. Kwenye jiko aliwekewa saa ndogo ya kulia kila baada ya dakika ishirini, jambo ambalo Mama Profesa alilikubali bila mkataba.

Nikamwambia, "Shoga, ulijua kifungu cha tano kinanipa mimi. Ungenyamaza."

"Ningenyamaza, ningebaki na Jumamosi na bila jirani." Akachukua kibanio cha nguo mkononi mwangu. "Lete hizo bendera zako. Unazianika vibaya, ndiyo maana hazikauki."

Tukaanika pamoja, yeye akitoka mashariki nami nikitoka magharibi, na katikati ya mita zile kumi na moja tukakutana.

Wiki iliyofuata Mtunza Nyaraka alipiga simu. Alinong'ona kwamba Sanduku la Thelathini na Nane limeandikwa upya kwenye orodha ya hifadhi. Msomi naye, aliyekwisha kuzipitia nyaraka zote zile, alikuwa amemwomba aongeze neno moja. Katika masanduku sitini na mawili ya yule bwana mkubwa imo mikataba mia mbili na saba, yenye mihuri ya dhahabu na sahihi za wakuu. Mingi ilivunjwa kabla wino haujakauka, mingine haikuridhiwa na mtu, mingine dola zake zenyewe hazipo tena. Ni mmoja tu ambao pembeni yake kwenye orodha imeandikwa: *Unatumika.*

Basi waandikeni wengine katika vitabu vyao waliotwaa miji na kuweka bendera juu ya minara. Nyinyi mlionisikiliza liwekeni hili: kwamba palikuwa na Mama Profesa, Mwenye Miwani Iliyofungwa kwa Uzi, aliyekwenda na penseli ya kuazima akarudi na haki, akaisoma yote hata pale ilipomchoma, na kwa hiyo leo ni Jumamosi, jua linawaka, na nepi zangu zimekauka.

Na wingu lile kule, likikaribia, atatoka mbio kuzianua bila kuniomba ruhusa. Kifungu cha nne.